Chungu cha Watu Wanne

Siku ya kwanza Mahjub kumwona Fundi Lahbib, aliiona miguu kabla ya kumwona mtu. Chumba cha tanuri la hamamu, nyumba ya kuogea ya mtaa, kiko chini ya kimo cha kichochoro. Unashuka ngazi nne, na mlango wenyewe ni mfupi, kwa hiyo anayekaa mle kuchochea moto huwajua watu kwa viatu vyao. Asubuhi ile mlangoni palisimama viatu vya ngozi ya manjano, vipya, kazi safi, na juu yake pindo la kanzu ya sufu iliyokaza kama ngozi ya ngoma. Kisha ukateremka mkono uliobeba chungu.

"Salaam aleikum. Kuna mtu humo?"

"Waaleikum salaam. Nipo."

"Nipokee hiki, ndugu yangu. Mimi nikishuka huko, itabidi muite punda wawili wa kunivuta kunitoa."

Mahjub alicheka kimoyomoyo, akakipokea. Kilikuwa chungu cha tanjia kama vingine vyote: kirefu, tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo umefunikwa kwa karatasi na kukazwa kwa kamba. Wanaume wa mji wa Marakeshi hawaingii jikoni, ila tanjia ni yao peke yao. Unampelekea mchinjaji chungu chako, anakijaza nyama, vitunguu saumu, bizari, ndimu ya chumvi na samli, halafu unakipeleka kwenye tanuri la hamamu kikafukiwe katika majivu ya moto. Saa nyingi baadaye unakichukua, nyama imeachana na mfupa yenyewe. Mwanamke hakigusi toka mwanzo hadi mwisho.

"Cha watu wangapi?" Mahjub aliuliza. Aliwauliza wote hivyo, ili ajue akifukie wapi.

"Wanne. Nina wageni."

Mahjub akachukua kipande cha mkaa, akachora unyayo wa kiatu juu ya karatasi, akakizika chungu. Alasiri ile viatu vya manjano vilirudi, mkono ukateremka, chungu kikapanda juu, na yule mtu akaenda zake akihema.

Wiki ile alirudi mara ya pili, na wiki iliyofuata mara tatu, ikawa hivyo hata miaka ikapita. Siku zote chungu kilikuwa cha watu wanne, na siku zote alikuwa na wageni. Mahjub alijua kutoka kwa wengine kwamba huyo ni Lahbib, mshona viatu, mjane mwenye binti mmoja, na kwamba mkono wake katika ngozi hauna mfano mtaa mzima. Moyoni alimwonea wivu kidogo, si kwa ufundi wake, bali kwa wageni wale. Yeye Mahjub alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwa na mgeni hata mmoja. Aliacha shule darasa la tano baba yake alipofariki, baadaye akarithi tanuri kwa mjomba wake, na tangu hapo maisha yake yalikuwa maranda ya mbao, majivu na koleo. Aliishi kwa dada yake. Watu wakizidi watatu mahali, ulimi wake uligeuka jiwe. Kazi ile ya chini ya ngazi nne ilimfaa kama vile mtu alikaa akaibuni kwa ajili yake.

Sasa, Ijumaa ndiyo siku ya vyungu. Mafundi wanafunga kazi, kila kikundi na chungu chake, wanakwenda kula bustanini. Ijumaa moja kabla ya Shaabani, Mahjub alikuwa na vyungu thelathini na kimoja katika majivu, na mvuke ulikuwa umelowesha karatasi na kufuta alama nyingi. Viatu vya manjano vilipofika, alichomoa chungu alichodhani kina alama ya unyayo, akakipandisha. Mkono wa juu ulikipokea, ukatua kidogo, kana kwamba unapima. Kisha ukakibeba.

Haikupita nusu saa, Brik akashuka ngazi kwa kishindo. Brik alikuwa kiongozi wa watia rangi ngozi, mtu mwembamba mwenye mikono ya buluu mpaka viwikoni na mdomo usiojua likizo.

"Mahjub! Hebu njoo ukitazame hiki chungu. Asubuhi kilikuwa na tumbo la miezi tisa. Kimejifungulia humu humu?"

Mahjub alikitazama. Kilikuwa chungu cha watu wanne. Watia rangi walikuwa sita, na chungu chao kikubwa hakikuwamo majivuni.

"Nimekosea, Bwana Brik. Ngoja. Naenda kukifuata."

"Kimbia! Watu wako bustanini wanatafuna majani!"

Mahjub alikimbia. Alikuwa hajakimbia mtaani tangu utotoni, na watu walimgeukia kumtazama, mtu mweusi kwa masizi, anakata kona za mtaa wa washona viatu ambako maduka yote yalikuwa yamefungwa. Duka la Lahbib nalo lilikuwa limefungwa, ila mlango wake wa mabati uliachwa shubiri mbili juu ya ardhi. Mahjub aliona mwanga chini yake. Akajua wageni wamo ndani, akajifuta mikono kwenye kanzu, akagonga kwa haya. Kimya. Akainama akainua mlango.

Fundi Lahbib alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya ngozi. Chungu kikubwa kilikuwa kati ya mapaja yake, mkono wa kulia umezama mpaka juu ya kifundo. Mikate mitatu ilikuwa imebaki makombo. Alikuwa akimeza bila kutafuna, kama mtu anayekunywa dawa, na macho yake hayakuwa yakitazama kitu chochote. Uso wake haukuonyesha utamu wowote. Mkono ulitoka, ukaingia tena, ukatoka. Ndipo akamwona Mahjub.

Mahjub, kwa kutojua aseme nini, aliuliza kilichokuwa ulimini: "Wageni wako wapi, Fundi?"

Hakuuliza kwa kejeli, na labda hiyo ndiyo iliyomfanya yule mtu ajibu.

"Ndio mimi, Mahjub. Wote wanne. Leo tumekuwa sita."

Mahjub aliushusha mlango taratibu, mpaka chini kabisa safari hii, asije mwingine akapita akaona. Akarudi. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno, na maneno si mali yake. Alipofika akasimama mbele ya Brik, akatazama chini.

"Kimenivunjikia," alisema. "Nilikuwa nakileta, kikaniponyoka."

"Kimekuponyoka! Miaka ishirini na nane hujavunja hata kifuniko, leo ndiyo umekumbuka kuvunja, na umevunja cha kwetu?"

"Ndiyo. Chukueni hiki cha wanne. Mwenyewe nitazungumza naye."

Brik alikichukua huku akimlaani kwa namna ambayo watu wa kichochoroni walikaa kumsikiliza. Toka siku hiyo Mahjub akapewa jina la Mvunja Vyungu, na kila aliyeleta chungu alisema, "Hiki kina watoto nyumbani, kishike vizuri." Kwa mtu kama yeye, aliyependa asisemwe kabisa, lilikuwa jambo zito. Lakini hakufungua mdomo.

Jumamosi saa nne, viatu vya manjano vilisimama mlangoni, vikakaa muda mrefu bila salamu. Kisha, kwa mara ya kwanza, vikashuka. Fundi Lahbib alipita mlangoni kiubavu, kanzu ikikwaruza kuta, akafika chini ametota jasho, akakaa juu ya gunia la maranda.

"Nimesikia ulichomwambia Brik," akaanza.

"Basi yameisha, Fundi."

"Hayajaisha. Unadhani sikujua kama chungu si changu? Nilijua pale pale mlangoni. Kilikuwa kizito. Mkono ulijua, nami nikaunyamazia. Nimekula chakula cha watu sita, wewe ukatukanwa. Mimi si mlafi tu sasa, mimi ni mwizi."

Mahjub alitupia moto koleo moja la maranda, akangoja. Kungoja alikuweza.

Lahbib akasema yote, akiuangalia moto badala ya mtu. Nyumbani alikuwa hali. Binti yake Nezha aliandaa sinia, yeye alimega vipande viwili, akasema hana hamu. Mtoto wa watu akahangaika, baba hali, na kila mwaka anapanuliwa kanzu. Kumbe aliutafuta mlo usiopita jikoni kwa mwanamke yeyote, na katika mji mzima ulikuwa mmoja tu. Mchinjaji anajaza, tanuri linapika, Nezha hajui. Alipomwomba mchinjaji chungu cha mtu mmoja, yule alicheka akauliza kama ni cha mwanasesere. Hakuna chungu kidogo kuliko cha watu wanne. Akasema basi, wanne.

"Na ukianza huwezi kuacha?"

"Nikianza, sipo. Narudi kikiwa kitupu."

Akaeleza kwamba alipokuwa na miaka tisa alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi mmoja mkali. Wanafunzi saba, sinia moja. Aliye mwepesi alishiba, aliye mzito alilala na njaa, na yeye alikuwa mdogo kuliko wote. "Mkono wangu ulijifunza kukimbia," alisema, "na hakuna aliyewahi kuuambia kwamba mbio zimekwisha." Alipokuwa na mke, mke alimtuliza kwa kukaa naye tu. Mke alipofariki, Ijumaa ya kwanza aliyorudi bustanini na washona viatu wenzake, mmoja alimwambia, "Lahbib, tuachie hata sinia lenyewe." Wote wakacheka, naye akacheka. Hakurudi tena.

"Lakini hiyo si shida iliyonileta," akasema. "Kuna kijana wa mji wa Agadiri anamtaka Nezha. Watu wema, baba yake anauza samaki. Wameomba kuja kula kwangu mara mbili, nami mara mbili nimewatafutia visingizio. Wamesema mara ya tatu ni mwezi wa Shawwal, baada ya Ramadhani, na nikikataa watatafuta kwingine. Nezha anadhani simpendi kijana. Analia jikoni ili nisimwone. Mahjub, mimi nikikaa mbele ya sinia na watu wale, mkono huu utafanya nini?"

Mahjub alijikuna kichwa, majivu yakadondoka.

"Leo umekula nini?"

"Sijala. Nikila asubuhi nitaamsha mnyama."

"Na jana kabla ya kile chungu?"

"Sikula vilevile. Huwa sili mpaka alasiri. Najizuia."

"Mimi sijui mambo ya watu," Mahjub alisema. "Hili tanuri ndilo ninalolijua. Nikiliacha toka alfajiri bila kitu, halafu saa sita nilitupie gunia zima, linafoka moshi, wanawake kule juu wanapiga mayowe, na maji hayachemki. Hupewa kidogo kidogo, saa zake. Likiwa na hakika kwamba kingine kinakuja, linawaka vizuri."

Lahbib alimgeukia. "Unanifananisha na tanuri?"

"Hasha, Fundi! Nasema habari za tanuri!"

Lahbib akaangua kicheko, gunia likatimua vumbi, wote wawili wakakohoa mpaka machozi. Mahjub alikuwa hajawahi kumchekesha mtu mzima.

Siku ile walikula pamoja. Mahjub alikuwa na sufuria ya dengu, zeituni na viazi viwili vilivyookwa majivuni. Mkono wa Lahbib ulitoka mbio kama kawaida yake, ukamaliza upande wake kabla Mahjub hajameza tonge la tatu, ukasimama juu ya sufuria. Meno ya kushoto ya Mahjub yalikuwa mabovu, alitafuna upande mmoja tu, na jino likimuuma aliweka mkono kwenye ukingo wa sufuria akangoja litulie. Lahbib alimtazama, akaona aibu, naye akaweka mkono wake ukingoni.

"Unakula polepole kama mwari wa harusi," alisema.

"Ni meno."

"Basi Mungu asikuponye, mpaka Shawwal."

Toka hapo akawa anakuja kila siku saa sita. Waliwekeana sharti moja tu, nalo lilitoka kwa Lahbib mwenyewe: mkono wake usiingie kabla ya mkono wa Mahjub kuingia. Asubuhi alianza kula mkate na mayai mbele ya binti yake, hata kama tumbo lilimwambia ngoja. Hakujikataza nyama wala samli. Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Mara mbili aliondoka kwa Mahjub akaenda moja kwa moja sokoni, akanunua maandazi akayala amegeukia ukuta. Kesho yake aliyasema. Mahjub alijibu, "Leo kuna karoti," akasogeza sufuria.

Wiki ya nne hivi, Lahbib alikuwa akitafuna kitu, akaacha kutafuna, akashangaa.

"Mahjub, hizi dengu zina chumvi nyingi."

"Zina chumvi nyingi toka siku ya kwanza."

"Na wewe huoni haya kumlisha mtu hivi? Nimekula mwezi mzima, sikuwa nimeonja!"

Ndipo akasema kuna deni la maneno kwa Brik. Mahjub alimsihi aliache, jina la Mvunja Vyungu alishalizoea. Lahbib hakusikia. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani alijaza chungu kikubwa, akakibeba mwenyewe mpaka bustanini walikokuwa watia rangi, na akamburuta Mahjub nyuma yake. Akasimama mbele ya wale sita, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

"Chungu chenu hakikuvunjika," alisema. "Nilikila mimi. Chote, peke yangu, nikijua ni chenu. Huyu alijitwika aibu yangu."

Mtia rangi mmoja akasahau kufunga mdomo. Brik alimtazama Lahbib toka kilemba hadi viatu.

"Chote?"

"Chote."

"Na mifupa?"

"Mifupa niliibakiza."

"Basi wewe ni mwungwana," Brik alisema. "Shemeji yangu mimi hula na mifupa. Kaa. Ila usikae upande wangu!"

Walicheka, na Mahjub akamtazama Lahbib kwa hofu, maana kilikuwa kicheko kama kile cha zamani. Lahbib akakaa, kinyume kabisa na alivyoambiwa, upande wa Brik, bega kwa bega. Alikula. Alikula zaidi ya wengine kidogo, kisha akaweka mkono ukingoni. Hakuna aliyehesabu. Brik alikuwa anasimulia ugomvi wake na mama mkwe wake, na watu walimsikiliza yeye.

Ramadhani ilimwogopesha Lahbib kuliko kitu chochote, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mchana kutwa bila kitu, kisha jua linazama, meza imejaa. Siku kumi alijimudu: tende, supu, anasali, anarudi. Siku ya kumi na moja, mzinga wa magharibi ulipolia, Nezha alikuwa kwa jirani akipeleka futari. Lahbib akafungua beseni la visheti vya asali na ufuta ambavyo msichana alikuwa amevikaanga siku mbili. Nezha aliporudi, lilikuwa tupu, na baba yake amekaa sakafuni, asali imefika ndevuni.

Alimsimulia Mahjub kesho yake, amekaa juu ya gunia, hajainua kichwa. "Yamekwisha. Miezi yote hii bure. Nitawaambia Agadiri wasije."

"Binti alisema nini?"

"Alikaa chini karibu nami. Akanishika mkono hivyo hivyo na asali yake. Akasema, 'Baba, kumbe ni hili? Mimi nilidhani humpendi Anwar.'" Akachota maranda, akayatupa motoni. "Miaka mitano namficha, Mahjub, na yeye miaka mitano anafikiri chakula chake kibaya. Nimemwambia yote. Hata chungu."

"Basi sasa jikoni unaye mtu."

"Ndivyo unavyoona?"

"Mimi naona beseni moja. Zamani lingekuwa beseni kila siku."

Lahbib alisimama, akapangusa maranda kwenye kanzu. Kisha akasema, "Shawwal utakuja. Utakaa kwenye sinia upande wangu wa kulia."

Yeye Mahjub akae sebuleni, mbele ya wageni wa Agadiri, kwenye mito ya hariri! Alisema hapana mara tatu. Mara ya tatu aliona namna yule mtu anavyoutazama mkono wake mwenyewe, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Siku ilipofika alioga katika hamamu ambamo kwa miaka ishirini na nane aliwapashia wenzake maji, akasuguliwa mpaka akabadilika rangi. Msuguaji alimwambia, "Kumbe ndani mna mtu!" Alivaa kanzu ya kuazima, akakaa upande wa kulia wa Fundi Lahbib. Upande wa pili walikaa Bwana Thami, baba wa kijana, mzee mwenye sauti ya mnadani, na ndugu yake, na kijana Anwar aliyekuwa ametazama kucha zake toka aingie.

Walianza kwa kuku wa ndimu na zeituni. Mambo yalikwenda. Kisha likaletwa sinia la kondoo kwa lozi na zabibu, mvuke ukapanda, na Bwana Thami akachambua pande nono akaliweka mbele ya Lahbib.

"Mkwe, kula! Mwili wote huo unachezea makombo? Au unatuogopa sisi watu wa samaki?"

Ndugu yake akacheka. Mahjub aliuona mkono ukiondoka. Uliingia, ukatoka, ukaingia tena, ukatoka, naye akimeza bila kutafuna. Yale macho yalianza kutazama pasipo kitu, kama siku ile dukani. Nyuma ya pazia kivuli cha Nezha kilisimama. Mahjub alitaka kusema neno, na ulimi ukawa jiwe kama kawaida yake. Basi alifanya alichokiweza. Aliweka mkono kwenye ukingo wa sinia, akaacha kula.

Alikaa hivyo. Bwana Thami alimuuliza, "Na wewe vipi?" Mahjub akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Jino."

Mkono wa Lahbib ulisimama hewani. Alimtazama Mahjub, akatafuna kilichokuwamo kinywani, akameza, akavuta pumzi.

"Bwana Thami," alisema, "mimi nimetosheka."

Mtu wa Marakeshi akisikia neno hilo kutoka kwa mwenye nyumba, anajua limevuka mpaka. Mwenyeji haachi kula kabla ya wageni, maana akiacha amewaambia waondoke. Bwana Thami aliweka mkate chini.

"Mwenyeji ndiye anayetangulia kuacha?"

"Mkono wangu haujatoka kwenye sinia. Umebadili kazi tu." Akaanza kuchambua nyama, polepole, kwa vidole vile vya kushonea, akisogeza minofu mbele ya kila mtu, lozi hapa, zabibu pale. "Nina ugonjwa wa kula, mkwe. Nikilazimishwa sijui pa kuishia. Nimekuambia mapema ili usije ukasikia kwa wengine. Binti yangu hana kasoro hiyo, na kijana wako nampenda."

Bwana Thami alimtazama, akautazama mlima wa nyama uliokuwa mbele yake mwenyewe, akashusha pumzi ndefu.

"Lahbib, niseme kweli? Mimi nilishiba toka kuku."

"Mbona unakula?"

"Nimekuona wewe unakula! Ningeacha vipi?"

"Nami nimekula kwa sababu yako!"

"Kwa hiyo hapa tunauana kwa heshima?"

Anwar ndiye aliyeanza kucheka, halafu ndugu, halafu wote, Bwana Thami akijipiga paja. Nyuma ya pazia Nezha alicheka pia, kicheko kilichochanganyika na kilio. Yaliletwa maji ya kunawa. Sinia liliondoka nusu yake imejaa, likaenda kwa wanawake na majirani, na fatiha ya posa ikasomwa.

Harusi ilifanyika mwezi wa tatu baada ya hapo. Lahbib hakuwa mwembamba, wala hakuwahi kuwa. Kanzu yake ililegea kidogo kiasi cha kushuka ngazi nne bila kukwaruza kuta, na siku mbaya ziliendelea kumjia mara moja moja, akizisema na kupewa dengu. Baada ya miaka miwili Nezha alijifungua, akamwita baba yake Agadiri akae nao. Lahbib akafunga duka. Mahjub hakwenda Agadiri kamwe, na Lahbib hakurudi Marakeshi. Habari njema zilifika kwa mdomo wa Brik, aliyekwenda huko kununua ngozi, akasema yule bwana anakula mezani na wajukuu na kwamba ndiye anayechelewa kumaliza kuliko wote.

Asubuhi ile ya kuondoka, Lahbib alishuka ngazi akiwa na kifurushi chake. Dengu zilikuwa ndiyo kwanza zinachemka. Mahjub, ambaye hakujua namna nyingine ya kumuaga mtu, alimshikisha mkate wa moto uliofungwa kwenye kitambaa, akamwambia asubiri kidogo ziive, ale ndipo aende, safari ni ndefu. Lahbib aliuweka mkate chini ya kwapa, akamshika bega kwa mkono ule wa kulia, akacheka.

"Sasa hivi sina njaa, Mahjub. Nikiipata njiani nitaufungua mkate wako, na atakayekuwa amekaa karibu nami nitamkaribisha."